Visu vya zamani vya mfukoni vya Kimarekani: namna ya kuanza kukusanya ukiwa Unguja au Pemba

Nshaulizwa mara nyingi na vijana wa hapa mjini, yani nikikitoa kisu kumenyea chungwa tu basi maswali hayeshi, umekitoa wapi, umejuaje kama cha Marekani, hichi si cha Kichina? Kwaiyo nimekaa niandike yote pahala pamoja kwa yeyote alie Unguja au Pemba anaetaka kuanza kukusanya visu vya zamani vya kukunja vya Kimarekani, kwa sababu maelezo mengi nnayoyaona yameandikwa na watu wanaokaa kwenye baridi kavu, na sie tunakaa katikati ya bahari, chumvi inaingia mpaka ndani ya kabati.

Kitu kimoja kishike tokea mwanzo. Kisu cha zamani ni kama hati ya shamba, thamani yake iko kwenye maandishi, na maandishi yenyewe ni madogo mno yamegongwa kwenye chuma, na anaeyafuta mara nyingi ni mwenye kisu mwenyewe kwa kutaka king'are.

Mie limenikuta. Miaka ile naanza nlipata Darajani, kwa mzee mmoja aliekuwa akitandika vitu vyake chini, kisu cha Case (kiwanda cha Kimarekani) chenye bapa mbili, kimeingia weusi wote, nikakilipa shilingi 15,000 na nikaona nimeokota. Nilivyokuwa na haraka nikakipeleka kwa fundi mwenye jiwe la umeme akakisugua kikawa kama kioo, na watu walikisifia kweli, lakini pale shingoni palipokuwa pameandikwa CASE XX U.S.A. na chini yake vidoti, vidoti vilikwenda vyote. Na vidoti ndio mwaka. Ntakueleza hapo chini vinavyohesabiwa, ila ujue kile kisu mpaka leo nnacho na sijui ni cha 1971 au 1978, na sitojua tena.

Sasa tujue viungo vyake kwanza ili tuelewane. Bapa ni ule upande unaokata. Shingo ni kile kipande kifupi cha bapa kisicho na makali, kilicho karibu na bawaba, ukikifungua kisu unakiona pale pale panapoanza mpini, na hapo ndipo pana chapa ya kiwanda. Mgongoni mna springi, ndio inayolifanya bapa liwe gumu kufunguka na lijifunge kwa mlio. Mwisho wa mpini kuna vichwa vya nikeli au shaba, na ubavuni mara nyingi kuna kijibati kidogo kimepachikwa, mie nakiita ngao, kwenye visu vyengine kina umbo la yai, vyengine kama ngao kweli, vyengine kama risasi.

Ukipewa kisu usitizame uzuri, fungua bapa pole pole, geuza shingo ielekee jua la ubavuni, sio la juu moja kwa moja, alafu soma. Kama huoni, chukua lenzi ya fundi saa, au piga picha kwa simu uikuze. Kama kuna uchafu mweusi juu ya maandishi usikwangue kwa msumari, weka tone la mafuta ya cherehani, acha mpaka kesho yake, futa kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Maandishi yanakuja wenyewe.

Utakayokutana nayo sana huku kwetu kwa nnavyoona mie ni Sheffield na Solingen, manake tulikuwa chini ya Muingereza na biashara ilikuwa huko. SHEFFIELD ni Uingereza, SOLINGEN ni Ujerumani, ni visu vizuri wallahi, lakini sio tunavyovizungumzia leo. Cha Marekani mara nyingi kinataja mji na jimbo, kwa mfano BRADFORD PA, au WALDEN NY, au PROVIDENCE RI, au kinaandika U.S.A. tu. Na kitu kinachosaidia ni kwamba sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za nje zinazoingia kwao zigongwe jina la nchi zilikotoka, kwaiyo kisu kikiwa na jina la duka la Marekani lakini pembeni kimeandikwa GERMANY, kimetengenezwa Ujerumani kikauzwa Marekani, na ni cha baada ya hapo.

Nianze na Case kwa sababu ndio rahisi kukipa umri. Kiwanda kipo Bradford, Pennsylvania. Kikiwa kimeandikwa CASE XX bila ya U.S.A. kwa kawaida ni cha baina ya 1940 na 1964. Kuanzia 1965 mpaka 1969 ikaongezwa U.S.A. Alafu 1970 wakaanza mtindo wa vidoti, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani vidoti vinaongezeka kila mwaka, hapana, vinapungua. 1970 ni vidoti 10, 1971 ni 9, 1972 ni 8, hivo hivo mpaka 1979 kinabaki kimoja. 1980 wakarudia tena 10 lakini herufi S ya CASE ikawa imepindwa kama radi. Kwaiyo ukiona doti 4 na S ya kawaida hicho ni 1976, ukiona doti 4 na S ya radi hicho ni 1986. Umeona sasa kwa nini nlisononeka.

Na Case wana nambari upande wa pili wa shingo, usizipite. Chukua 6254. Ile 6 ni aina ya mpini, 6 ni mfupa uliochongwa vishimo shimo, 5 ni pembe ya mnyama anaefanana na paa, 3 ni ule wa manjano wa kutengenezwa. Nambari ya pili ni idadi ya bapa, hapa 2. Zilobaki, 54, ni umbo la kisu. Kwaiyo 5254 ni kisu kile kile kwa mpini wa pembe, na 6318 ni mpini wa mfupa bapa tatu umbo la 18. Faida yake kubwa ni kukulinda na udanganyifu, mtu akikuuzia kilichoandikwa 6318 na kina bapa mbili basi limetolewa moja, au kimeandikwa 5254 na mpini ni plastiki ya njano basi kimebadilishwa mpini, na hapo huna haja ya kugombana nae, rudisha kwa upole uondoke.

Remington pia wanasomeka hivo hivo kwa nambari. Hawa walikuwa watu wa bunduki na risasi, wakaingia kwenye visu baada ya vita vya kwanza vya dunia, miaka ya 1920 na 1930 ndio yao, 1940 wakauza kitengo cha visu. Nambari inaanza na R, na tarakimu ya mwisho ndio mpini: 3 ni mfupa, 4 ni lulu ya chaza, 5 ni seluloidi (plastiki ya zamani), 6 ni pembe. Maarufu kuliko vyote ni R1123 chenye ngao ya umbo la risasi, na kwa sababu ni maarufu ndio kinachoigizwa sana, na tokea 1982 zimetolewa nakala halali zenye jina hilo hilo, hizo si feki lakini si za zamani, usilipe bei ya cha 1925 kwa cha 1982. Winchester nao walitengeneza visu kuanzia 1919 mpaka 1942 hivi, na jina lao limegongwa juu ya vitu vingi sana baadae, kwaiyo jina peke yake lisikutie wazimu.

Kwa anaeanza, mie simshauri aanze na hao wawili. Aanze na Schrade, Imperial na Camillus. Schrade walikuwa New York, vya zamani vimeandikwa SCHRADE CUT CO, alafu SCHRADE WALDEN mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, alafu SCHRADE U.S.A., na kiwanda kikafungwa 2004, jina likauzwa, kwaiyo vyenye jina la Schrade bila CUT CO, WALDEN wala U.S.A. vingi ni vya China vya baada ya hapo. Imperial wa Providence, Rhode Island, walikuwa wakitengeneza visu vya bei ya chini, mpini ni bati jembamba limekunjwa juu ya fremu, ukikigonga kwa ukucha kinalia utupu. Vinadharauliwa, mie navipenda, ndivyo vilivyokuwa mifukoni mwa wafanyakazi.

Camillus ndio nawaomba msiwapite. Kiwanda kilikuwa mji wa Camillus, New York, kikafungwa 2007, na waliwatengenezea jeshi la Marekani kisu cha kukunja cha stenlesi kitupu, mpini na kila kitu, kina bapa, kifungulio cha kopo, bisibisi iliyoungana na kifungulio cha chupa, na msumari wa kutobolea, ubavuni kimeandikwa U.S. tu. Uzuri wake mwaka umegongwa pale pale shingoni kwa tarakimu, huhesabu doti wala nini. Na kwa hali ya hewa yetu stenlesi ni rehema. Changu nlikipata kwa mzee mmoja wa upande wa Tunguu, na mnajua wakubwa zetu wanavyosimulia kile kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani kilichokuwa pale mwanzoni mwa miaka ya 60 mpaka kikaondolewa 1964, yeye alikuwa kijana anafanya kazi za mikono pale, na kisu alipewa na mmoja wao. Kimeandikwa 1961. Sikumuomba aniuzie, tulikaa barazani tukanywa kahawa mara tatu, mara ya nne akanipa mwenyewe, na mie kila nnapopita nampelekea anachopenda. Namna hii ndio bora ya kupata vitu kwa wazee, usiingie nyumba ya mtu na pochi mkononi. Na aliyokusimulia yaandike siku ile ile, jina la kijiji, kazi aliokuwa akifanya, nani alimpa, kwa sababu kisu kikiwa na hadithi yake na kisu kisokuwa nayo si kitu kimoja.

Na mahusiano yetu na watu wale si ya juzi. Mkataba wa biashara baina ya Seyyid Said na Marekani ni wa 1833, balozi wao mdogo akafika Unguja 1837, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts walikuwa wakichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, wakileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita marekani. Kwaiyo siku ukikuta kitu cha huko kwenye kasha la bibi usishangae.

Pengine utakutana na Buck 110, hichi hakichanganyiki na chengine, kizito, vichwa vya shaba, mpini wa mbao, kina kufuli mgongoni, kilianza 1964. Shaba yake huku inaota kijani haraka, hiyo unaifuta kwa kitambaa na mafuta tu. Tokea 1986 Buck wameweka alama ndogo ya mwaka pale shingoni, ya 1986 ni kama mshale <, vya kabla ya hapo unatizama maandishi.

Sasa ukishasoma shingo ndio kagua mwili. Fungua kila bapa, sikiliza, likifunguka liwe na nguvu mwanzo hadi mwisho na lifunge kwa mlio wa tak. Lishike ncha ulitikise kulia na kushoto, likicheza kidogo kwa kisu cha miaka 60 sio kosa, likicheza kama jino bovu acha. Tizama mgongo kisu kikiwa wazi, springi na bati za ndani ziwe sawa. Kishike kielekee mwangaza uone kama kuna upenyo baina ya springi na bati. Kisha bapa lenyewe, na hapa nataka utulie, kwa sababu kisu kilichonolewa miaka 40 kinakuwa chembamba na kifupi na mtu asojua anadhani ndio umbo lake. Ukifunga kisu ncha iwe imelala ndani vizuri, na kile kijistari cha kutia ukucha kiwe na nafasi chini yake, kikiwa kimekaribia makali basi bapa limeliwa. Lililoliwa nusu halirudi. Tizama na mipini, mfupa unapasuka kuanzia kwenye riviti, mpasuko mdogo kama unywele unavumilika. Riviti zinazong'ara peke yake kwenye kisu kizee zinakwambia kishafunguliwa na mtu.

Kuna mpini mmoja ni hatari, seluloidi. Ni plastiki ya zamani, inapendeza sana, rangi rangi kama kobe au kama lulu, ya miaka ya 1910 mpaka 1940 hivi. Namna ya kuijua: isugue kwa kidole mpaka ipate moto alafu nusa, ikitoa harufu ya kafuri basi ndio yenyewe, kwa sababu kafuri iliingia kwenye kutengenezwa kwake, na harufu ya kafuri hakuna asieijua hapa. Seluloidi ikizeeka kwenye joto inaoza, inatoa mvuke wenye asidi, na mvuke ule unakula chuma chake na chuma cha jirani zake wote. Nshaona boksi zima la mtu limeshika kutu kwa ajili ya kisu kimoja. Kwaiyo kikae peke yake, pahala penye hewa, mbali na vyengine, na mbali na moto kwa sababu inashika moto upesi mno. Kikianza kupasuka pasuka na kutoa jasho, kitoe kabisa.

Pembe za ndovu na gamba la kasa usiguse, hata akikwambia ni cha karne iliopita. Biashara yake imekatazwa, na sie wenyewe tunajua kasa wetu waliobaki.

Pa kutafuta: Darajani kwa wanaotandika chini, asubuhi mapema, mafundi saa na mafundi baiskeli wa zamani, Mwanakwerekwe, na mizigo ya vitu vya used inayofunguliwa madukani, humo kwenye madroo ya makabati na ndani ya masanduku ya vifaa mnakuwa na vitu ambavyo hata muuzaji hajavitizama. Pemba nenda Chake na Wete, na zungumza na wazee wa mashamba. Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe yapo lakini bei zake ni za wageni. Ukinunua kwa mtandao omba picha ya shingo pande zote mbili, picha ya mgongo kikiwa wazi, na picha kimefungwa, asiekupa picha ya shingo usimpe pesa. Na kabla hujaagiza kutoka nje ulizia forodha kwanza. Kwenye ndege kisu hakiingii mkononi, kinakwenda kwenye begi la chini, na kwenye boti ukaguliwe nacho ukiwa umeshasema mwenyewe. Mjini cha thamani kibaki nyumbani.

Sasa matunzo. Visu vingi vya zamani si stenlesi, ni chuma cha kaboni, kinachukua makali ya ajabu na kinashika kutu ukikipumulia tu. Huo weusi weusi wa kijivu unaoelekea buluu, kama unaoupata ukimenya machungwa na embe mbichi, si kutu, ni ngozi yake, unakilinda, uache. Kutu ni ile nyekundu inayotoka unga kidoleni. Hiyo ndio ya kuiondoa, peke yake, kwa mafuta ya taa na kijiti cha mbao, ikigoma basi stilwaya nyembamba kabisa yenye mafuta, pale pale palipo na kutu na usipande shingoni. Ndimu na majivu tunayosugulia masinia hapana, siki hapana, msasa hapana, jiwe la umeme nshasema. Mfupa usiurowanishe majini, utavimba na kupasuka.

Mafuta tumia ya cherehani, tone moja kwenye bawaba na kidogo sana kwenye bapa. Najua wengi wanapaka mafuta ya nazi kwa sababu ndio yalio nyumbani, lakini yanachacha. Kunoa ni kinoo na mkono, taratibu, na kama kisu hukitumii usikinoe kabisa.

Usivihifadhi kwenye ala ya ngozi, ngozi inavuta unyevu na ina dawa za kiwandani, utakuta kutu imechora umbo la ala. Usiviegemeze kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe na chokaa, ule ukuta unatoa chumvi. Mie navitia kwenye bati la biskuti lenye kifuniko kigumu, kila kimoja kimefungwa kwenye kitambaa cha pamba kikavu, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, viwili vitatu, na kila baada ya muda navianika kwenye jua kali vitoe maji. Kiangazi natizama mara moja kwa mwezi, masika kuanzia Machi mpaka Mei natizama kila wiki, na vuli vile vile. Kufungua, kutizama bawaba, kufuta alama za vidole kwa sababu jasho letu lina chumvi, tone la mafuta, kurudisha. Kisu kimoja hakichukui dakika mbili.

Na uwe na daftari, kila kisu ukurasa wake, chapa ilivyoandikwa herufi kwa herufi pamoja na idadi ya doti, urefu kikiwa kimefungwa, ulikokipata, ulicholipa, na picha ya shingo ya siku ile ile ulipokipata kabla hujakigusa na chochote.